Fafanua Choo

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya mwisho ya majaribio yangu kwenye mfuko huu wa kufadhili shule. Mkurugenzi kasema nipitishe walau ombi moja kabla ya Ijumaa, la sivyo nirudi nilikotoka. Nilikotoka ni chuo kikuu, miaka kumi na tisa nikichambua mashairi ya kale, na ofisi yangu kashapewa mtu mwingine. Moja tu! Ninalo tayari. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi anaomba vyoo vinne. Ukurasa mmoja, hauna hata rejea. Nimemhurumia. Nimemrudishia na maoni kurasa tano, wino mwekundu. La kwanza: fafanua "choo".

Jumanne, 4 Machi
Jirani yangu wa meza, Bwana Tiki, kapitisha shule tatu kabla ya chai. Nikamuuliza kazisoma saa ngapi. Eti kapiga simu, kauliza wanahitaji nini. Kauliza tu! Sikujua nicheke au nilie.

Jumatano, 5 Machi
Mwalimu mkuu kajibu. Kurasa ishirini na mbili! Historia ya choo, nadharia mbili. Chuoni hakuna aliyewahi kunisikiliza hivi, machozi yalinilengalenga. Bahati mbaya, ukurasa wa tisa anajipinga. Nimemrudishia.

Alhamisi, 6 Machi
Kaja mwenyewe. Mama mtu mzima, wino bado vidoleni. Kasema wiki nzima hajaingia darasani, anaandika. Kisha, taratibu: "Mwanangu, watoto wanajisaidia kichakani. Niandike rejea ngapi ndiyo wapate choo?"

Nikababaika. Chuoni tulikuwa hatuna idadi maalumu. Nikamwambia thelathini.

Bwana Tiki akainuka, akampeleka kwa Mkurugenzi. Mimi nilidhani anamwonyesha maktaba.

Ijumaa, 7 Machi
Vyoo vimepitishwa, kwa sahihi ya Bwana Tiki. Sielewi. Rasimu ya tatu sijaiona!

Nimeitwa kwa Mkurugenzi. Kumbe mwalimu mkuu ndiye aliyenitetea: kasema tangu aanze kazi hakuna mkubwa aliyewahi kuyasoma maandishi yake mpaka mwisho. Nimepewa barua. Naongezewa mwezi mmoja, wa mwisho.

Mke wangu kaisoma mara mbili, kanishika mkono, kaniomba safari hii nitulie. Nimemwahidi.

Jumatatu, 10 Machi
Barua si mbaya, ila imeandikwa haraka. Nimeipigia mistari minne tu na kumrudishia Mkurugenzi. Pembeni nimeweka: fafanua "mwisho".