Kamati ya Waya wa Pini Sita

Mkurugenzi alitangaza kwa fahari, mbele ya wafanyakazi wote waliokusanywa ukumbini, kuundwa kwa Kamati ya Kudumu ya Kuratibu Waya Mmoja. Makofi yakapigwa. Fundi wa umeme, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa utepe, naye alipiga, maana waya wenyewe ulikuwa wake.

Mambo yalikuwa hivi. Lifti ya jengo ilikuwa imechanganyikiwa: ukiomba ghorofa ya tano, inakupeleka ya pili na kukufungulia mlango kwa heshima zote. Chipu yake ilihitaji programu mpya. Lakini kifaa cha kupakia programu kilikuwa na plagi ya pini kumi, na ubao wa lifti ulikuwa na tundu la pini sita. Fundi akachukua waya bapa wa printa mbovu, akachambua nyuzi sita, akazilehemu moja moja, akapima kwa mita. Zote zikaitika.

“Huu umetoka kiwanda gani?” Mkurugenzi aliuliza.

“Umetoka mezani kwangu, mheshimiwa.”

“Basi hauna wazazi.” Akautia kwenye bahasha, akaipiga muhuri.

Kamati ilikaa miezi mitatu. Ilijadili rangi ya waya. Ilimhoji Fundi mara nne kwa nini pini nne zimeachwa bila kazi, na kama zimeshapewa barua. Wakati huo karani wa masjala, mwenye goti bovu, alipanda ngazi hadi ghorofa ya tano akipumzika kila kona. Fundi akimwona, moyo unamuuma, anatazama pembeni.

Siku ya ukaguzi, Kamati nzima pamoja na bahasha yake iliingia kwenye lifti ikajionee tatizo. Lifti ikapanda nusu ghorofa, ikagoma.

“Fundi, fanya jambo,” sauti ya Mkurugenzi ilitoka kwenye upenyo wa mlango.

“Nipitishie waya, mheshimiwa.”

Bahasha ikachungulia. Karani wa masjala, aliyekuwa akipumzika hapo kwenye ngazi, akairudisha kwa kidole, taratibu. “Samahani. Kifaa kisichoidhinishwa hakitumiki. Kifungu cha tisa.”

“Kifungu hicho nilikiandika mimi!”

“Ndiyo maana nakiheshimu. Akidi imetimia humo?”

“Imetimia mpaka hatupumui.”

“Basi kaeni kikao.”

Wakakaa, wengine juu ya wenzao. Mjumbe aliyepinga tangu mwanzo aliunga mkono hoja kabla haijatolewa. Kumbukumbu ziliandikwa mgongoni mwa bahasha, na Mkurugenzi akasaini akitumia kichwa cha mweka hazina kama meza. Dakika moja na nusu.

Bahasha ikapitishwa nje, Fundi akachomeka waya, upande huu pini kumi kwenye kifaa, upande ule sita kwenye ubao. Taa ya kijani ikawaka. Lifti ikashuka, Kamati ikamwagika nje ikitweta.

“Hongera,” alisema Mkurugenzi akijifuta jasho. “Sasa tupeleke ofisini, ghorofa ya tano.”

“Iko kwenye majaribio, mheshimiwa,” Fundi akajibu kwa adabu. “Inabeba mtu mmoja tu, hadi Kamati ikae tena.”

Akamshika karani mkono, akamwingiza.

“Asante, dada,” alisema karani, akabonyeza tano.

Kamati ikaelekea kwenye ngazi.