Moshi wa Pritesh na Leseni Yangu

Jumatatu, 6 Oktoba

Daftari, niwie radhi. Miezi minne sijakugusa. Lakini sababu ninazo: Haitham anaota meno, Nasra ana miaka minane na maswali elfu, na baba yao anaendesha basi, tunapishana mlangoni kama walinzi wa zamu. Na nimepata leseni! Mara ya nne, ndiyo, lakini kwenye leseni hawaandiki mara ngapi. Sasa nazunguka Croydon, kusini mwa London, kwa gari, wazee sita kwa siku, nawaogesha, nawapa chai na dawa. Sudha wa ofisini kasema waziwazi: asiyekuwa na leseni, hana kazi.

Leo kaja Gakii, mwenzangu wa kazini, Mkenya ajuaye kila kitu. (Alifaulu udereva mara ya kwanza. Hatuachi kuambiwa.) Kasema polisi wanasimamisha magari kutafuta wavuta bangi. Wana kijiti, wanakusugua ulimi, papo hapo kinakutaja. "Hata moshi wa jirani, Mama Nasra. Hao hawachezi." Akanitazama mimi! Anajua kwamba Pritesh wa nyumba ya chini huvuta kila jioni dirishani, na moshi wote unapanda kwangu, kwenye sare nilizoanika.

Nimekwisha.

Jumanne, 7 Oktoba

Gakii kaongeza. Wakikushuku wanakusimamisha kwa mguu mmoja. Kisha utembee hatua tisa kwenye mstari, kisigino kwenye kidole, ugeuke.

Nimeanza mazoezi koridoni, Haitham kiunoni. Mguu mmoja: sekunde nne. Hatua ya sita: nimeangukia kapu la nguo chafu. Nasra, aliyejifanya hakimu, kanipa mbili juu ya kumi, kwa Kiingereza, bila huruma. Nikamwambia ahesabu upya kwa Kiswahili. "Mbili ni mbili, mama," kasema, kwa Kiswahili safi kabisa.

Sijavuta kitu maishani mwangu na nayumba hivi! Ni usingizi tu. Je, kipo kijiti cha kupima usingizi? Yarabi, usiwape wazo hilo.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeshuka kwa Pritesh kugombana. Maneno nilishayapanga kwenye ngazi. Kafungua mlango, kijana mwembamba kama ufagio, mkononi kipande cha mkate mkavu. Mama yake yuko Queensbury, upande wa pili wa London, hajamwona wiki tatu. Nani anaweza kumgombeza mtu mwenye njaa? Nimepanda, nimeshuka tena na bakuli la pojo za nazi. Alipolamba kijiko nikamkazia macho: dirisha lako lifungwe. "Sawa, aunti," kasema. Aunti! Nina miaka ishirini na tisa! Kaahidi kuwa kuanzia leo atavuta kwenye dirisha la pili.

La pili liko chini ya chumba changu cha kulala.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimepata! Harufu dawa yake harufu. Nimefukiza udi sare, mtandio, hata soksi. Kisha nimekiteremsha chetezo, udi na makaa yake ndani, nikakiweka sakafuni mwa gari, nikafunga milango robo saa. Gari linanukia kama chumba cha bi harusi. Mzee wangu wa kwanza, ambaye hajanitolea neno tangu Agosti, kaniuliza naolewa na nani.

Mdomoni: karafuu na tangawizi, natafuna njia nzima. Gakii kanusa, kafungua dirisha la ofisi, hakusema kitu. Gakii hakusema kitu! Leo nimeshinda.

Ijumaa, 10 Oktoba

Naandika huku nacheka.

Asubuhi nilichelewa. Nikaona robo saa ya kufukiza ni hasara, nifukize huku naendesha. Mtaa wa pili, sioni mbele. Kwenye kona chetezo kikalala ubavu, kaa la moto likaingia kwenye zulia, nikasimama ghafla kulizima kwa chai yangu. Nyuma yangu, taa za buluu.

Nikashusha dirisha. Wingu zima likamtokea askari usoni, bibi mmoja mrefu. Akarudi nyuma hatua tatu, akapiga chafya, akaniuliza navuta nini. Nikasema sivuti, nafukiza. Ndiyo kwanza akatoa kijiti. Nikaiona leseni yangu inapaa na moshi.

Na ulimi mkavu! Karafuu zimemaliza mate yote. Kijiti hakipati hata tone. Kasema tungoje. Nimesimama kando ya barabara natafuta mate, na nani anapita, polepole, dirisha wazi, mkono unapunga? Gakii.

Nikafumba macho. Nikawaza achari ya ndimu ya mama, pilipili juu. Mate yakaja kama masika! Akasugua. Dakika nane. Nilisoma kila dua ninayoijua, na moja ya kusafiria.

Safi! Hakuna kitu! Nikamkumbatia bila kumuuliza. Kasema kijiti kinamtafuta aliyevuta, si anayeishi juu ya mvutaji. Kisha kakunja uso: moto usipande gari tena, na macho yako yanaomba kitanda, leo ulale. Nikamwahidi yote mawili. Kabla hajaondoka kaniuliza kwa sauti ndogo udi unauzwa wapi. Dada yake anaolewa.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimelala saa tisa mfululizo! Nimeamka sijui naitwa nani. Sudha, aliyekwisha kusimuliwa yote na Gakii, kapiga simu, kacheka mpaka kakohoa, kasema kazi yangu ipo pale pale. Alhamdulillahi. Nimejifunza. Simsikilizi Gakii tena.

Jioni kapiga Gakii. Kasema kijiti si kitu, siku hizi polisi wanasoma macho. Mekundu tu, umekwenda. Ana binamu aliyeona kwa macho yake. Na Haitham leo kaanza jino la nne!

Lazima nijikinge. Kuna mgeni anaondoka Unguja kuja huku Alhamisi, dada yangu Mwanakheri ampe haya: wanja wa manga wa kung'arisha macho, vichupa viwili. Maji ya waridi ya kuoshea macho, chupa moja, aifunge vizuri isivuje kwenye sanduku la watu. Achari ya ndimu, kopo kubwa, ya kukaa garini kwa dharura. Udi, ule mkali. Na chetezo kidogo chenye mfuniko, kisichomwagika kwenye kona.