Injini ya Marehemu Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Mei

Nimepitwa mlimani. Si na basi, si na lori. Nimepitwa na gari la shule ya udereva, lenye kibao cha MWANAFUNZI juu ya paa! Aliyeshika usukani ni bibi mmoja mwenye miwani, yuko somo la tatu. Pembeni yake shemeji yangu, mwalimu wa udereva, kaka wa mke wangu. Alinipungia mkono. Mkono mzima, mpaka kwapani.

Gari lake na letu ni aina moja, tofauti ni rangi tu. Basi shida si gari, shida ni injini. Hili gari lilikuwa la marehemu baba mkwe. Alimwachia mke wangu gari, mimi akaniachia saa ya ukutani. Saa haitembei, na gari nalo liko njiani kuifuata.

Mke wangu yuko semina ya walimu mpaka Alhamisi. Jumamosi tunampeleka mama mkwe hospitali ya macho, kule juu mlimani, akatolewe mtoto wa jicho. Saa mbili kamili asubuhi. Ukichelewa zamu inapita, na zamu nyingine ni baada ya miezi mitano. Nimeachiwa funguo na agizo moja: nisiguse kitu. Hakufafanua kitu gani.

Jumanne, 5 Mei

Nimetafuta ushauri. Dereva wa ofisi yetu alisema nikitoka barabarani nipapase ringi za nyuma. Zikiwa za moto, breki zinashika na injini haina kosa. Nikamwambia mimi ni karani wa masijala, si mtu wa kupapasa ringi hadharani. Akasema kubadilisha injini kabla ya kujua ugonjwa ni kama kukata mguu kwa sababu kiatu kinabana. Wivu huo! Miaka ishirini anaendesha magari ya watu.

Nikaenda kwa Fundi Kesho. Jina lake halisi silijui, hili amepewa na wateja. Aliisikiliza injini akiwa amefumba macho, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Anayo nyingine, kubwa, ya gari la kusambaza mikate lililogongwa kwa nyuma. Nikauliza kama itaingia. Akasema injini zote huingia, ila boneti ndiyo wakati mwingine hukataa. Nikauliza kazi itaisha lini. Akasema kesho.

Jumatano, 6 Mei

Niliomba ruhusa kazini kwa ajili ya msiba. Bosi akauliza nani amefariki. Nikasema aliyekuwa karibu sana na marehemu baba mkwe. Sikudanganya.

Injini ya zamani imetoka saa nne. Ndogo, nyeusi, inavuja kidogo. Fundi ameichukua iwe sehemu ya malipo, na mimi nimeona nimemlalia. Hii mpya ni kitu kingine! Imesukuma rejeta mbele. Betri imehamia kwenye buti. Boneti haifungi, kwa hiyo imefungwa kwa kamba ya katani, na Fundi anasema ule uwazi unasaidia hewa. Kazi haijaisha. Nimeambiwa kesho.

Alhamisi, 7 Mei

Mke wangu amerudi. Akauliza gari liko wapi. Nikasema linaoshwa. Akasema vizuri, akavua viatu.

Mezani akaanza kumzungumzia mama yake. Macho yamekwisha kabisa, anaona kivuli na mwanga tu. Tangu watu wamdanganye mlangoni wakamwibia redio, hamfungulii mtu ovyo. Lakini akisikia injini ya mume wake inakata kona, anasimama, anachukua mkoba, anatoka mwenyewe bila kuitwa. Anaijua kwa sauti. Anasema kwa dakika ile moja mzee huwa amerudi kutoka kazini.

Chai ilinipalia. Nikaomba chumvi. Mke wangu akauliza chumvi ya nini kwenye chai. Nikaitia, nikakoroga.

Ijumaa, 8 Mei

Alfajiri kwa Fundi Kesho. Nimemwomba arudishe injini ya zamani. Haiwezekani, imeshauzwa! Kwa nani? Mteja ameomba isijulikane. Basi aifanye hii ilie kama ile. Alinitazama kwa huruma, akanikabidhi funguo.

Nimelipeleka mlimani. Linanguruma kama mashine ya kusaga, watoto wanakimbia kuja kutazama. Mwendo? Uleule. Nimekanyaga mafuta mpaka sakafuni, uleule! Nimepitwa na mtu wa baiskeli, naye alikuwa anaisukuma. Pengine injini bado haijazoea mazingira.

Nyumbani mke wangu alitoka nje kwa ile sauti. Akafungua kamba mwenyewe, akainua boneti. Akauliza ya baba iko wapi. Nikasema imeuzwa, sijui kwa nani. Akafunga kamba tena, fundo zuri kuliko la Fundi, akaingia ndani. Angefoka ningejua la kujibu. Nimeona aibu, naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma.

Jumamosi, 9 Mei

Saa moja na robo tulikuwa kwa mama mkwe. Nikapiga honi. Hakutoka mtu. Mke wangu akaenda mlangoni akaita. Mama akafungua, akasimama kizingitini, akasikiliza. Akauliza tumekuja kuhamisha vyombo vya nani. Akaelezwa kwamba hilo ndilo gari. Akasema yeye si mtoto, gari la mume wake analijua, na katika lori la watu hapandi. Akakaa kwenye kiti cha barazani, mkoba mapajani.

Saa moja na nusu. Saa moja na dakika arobaini. Mke wangu amembembeleza mpaka sauti imemkauka. Nami nikajaribu, nikasema mama, injini ni chuma tu. Mke wangu aliniomba nikae mbali na mama yake, na nikakaa mbali.

Ndipo ikasikika kwenye kona. Ile ndogo! Mama akasimama, akachukua mkoba, akatembea moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa gari bila kushikwa mkono. Lilikuwa gari la shemeji, na kibao chake cha MWANAFUNZI juu.

Kumbe ndiye mteja. Alhamisi alikuta injini ya baba yake sakafuni kwa Fundi Kesho, katikati ya vyuma chakavu, na roho ikakataa. Yake mwenyewe ilikuwa inatoa moshi, akawekewa hiyo. Kwake haikuwa kesho, ilikuwa siku ileile! Alinyamaza kwa kuwa hakutaka kuwa yeye wa kumpasulia dada yake habari, ila alijua mama hatapanda bila sauti ile, ndiyo maana akaja.

Mama alikaa mbele, akaweka kiganja juu ya dashibodi, akakiacha hapo. Mke wangu alipanda nyuma, akalia. Na mimi nililia, peke yangu, ndani ya gari la mikate.

Niliwafuata. Katikati ya mlima nikasikia harufu ya kuungua. Ringi zote mbili za nyuma zilikuwa zinafuka moshi. Nikaliegesha, nikapanda kwa miguu. Wao walifika zikiwa zimebaki dakika tano, na mama alipokewa.

Jumapili, 10 Mei

Fundi Kesho alikuja mlimani na spana mbili. Kebo ya breki ya mkono imeganda, breki za nyuma zilikuwa zinashika wakati wote. Pengine tangu mwaka jana. Ameitengeneza kwa nusu saa. Nikamuuliza kwa nini hakuitazama tangu mwanzo. Akasema nilimuuliza habari za injini.

Shemeji amekuja kuniona. Nilijiandaa kwa dharau, nimeshatunga majibu manne. Hakudharau. Amesema yake ikitengenezwa ya baba itarudi ilikotoka, tusaidiane kumshughulikia mama. Inaudhi sana mtu unayempinga akiwa mwema.

Jumatano, 13 Mei

Bandeji imetolewa. Mama mkwe anaona! Alimtazama binti yake, akamtazama mwanawe, akanitazama mimi, akauliza kama hivi ndivyo nilivyokuwa siku zote. Watu walicheka. Mke wangu alicheka pia, mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Injini ya marehemu imerudi mahali pake. Boneti inafunga. Gari linapanda mlima kama halina habari nao. Kabla ya kunirudishia funguo, mke wangu aliniapisha mbele ya mama yake na kaka yake: sitaigusa tena injini ile maisha yangu yote. Nikaapa bila kusita. Nimejifunza, jamani. Kuvuruga injini isiyo na kosa ni ujinga, na nimewaambia hivyo watu wote masijala.

Ila nimelisikiliza vizuri leo jioni. Gia ya pili inaingia kivivu. Injini haina kosa hata kidogo, kinachoizuia ni gia boksi. Na gia boksi haikutajwa kwenye kiapo. Fundi Kesho alikuwa nayo moja, ya gari la kubebea wagonjwa, magari yanayojua kuwahi. Nimeileta nyumbani kwa toroli. Ipo chini ya kitanda, upande wangu, imefunikwa shuka.

Mke wangu anauliza harufu ya grisi inatoka wapi. Nimemwambia ni mimi.