Friji Iliyofuta Jina la Mzee

Jumatatu, 4 Mei
Friji yetu mbovu imepata kazi. Nimeilaza chali nyuma ya jikoni, nikatoboa mashimo mawili ubavuni na kufunga glavu ndefu. Mlangoni nimeweka kioo cha picha ya harusi yetu. Chuma kinaingia ndani, kompresa inapuliza mchanga, kutu inatoka. Kibiwott, jirani anayechomelea mageti, ameuliza kama ni jeneza. Wivu huo.

Jumanne, 5 Mei
Mchanga wa mtoni una unyevu, umeziba bomba. Nimeukausha kwenye kikaango cha mke wangu, Naliaka, kisha nikakiosha. Jioni tumekula mayai. Naliaka aliuliza ni nini kinachokwaruza meno. Nikasema chumvi. Aibu kidogo.

Alhamisi, 7 Mei
Mama mkwe amefika kutoka Malava. Kwa desturi yetu hatukaribiani. Yeye yuko mlango wa jikoni, mimi sebuleni, Naliaka anabeba maneno. Ameleta kibao cha chuma cha kaburi la mumewe, mzee Lusweti. Jina limeandikwa kwa rangi, pembeni kutu. Jumamosi ni ibada ya kumbukumbu. Alitaka Naliaka asugue kutu kwa majivu tu. Nikatuma neno kwamba mkwe ana mtambo. Akajibu majivu yanatosha. Nikatuma tena. Akakubali, kwa heshima.

Ijumaa, 8 Mei
Siku mbaya. Mchanga ulikwaruza kioo kikawa cheupe, sikuona ndani. Nikaendelea kwa kupapasa. Ghafla mlango ukafunguka kwa presha, na vumbi lote likamwangukia mama, aliyekuwa anachambua maharagwe. Nikakimbia kumpangusa kilemba. Kwa mikono yangu. Nimemgusa mama mkwe.

Kwa mara ya kwanza tangu harusi akanisemesha mwenyewe.

“Baba Eugene, niache tu.”

Nikatoa kibao ili apate faraja. Kilikuwa safi kama sahani mpya. Akakigeuza mbele, akakigeuza nyuma.

“Baba Eugene, mzee ameenda wapi?”

Nimeshinda nyuma ya choo nikijifanya natafuta spana.

Jumamosi, 9 Mei
Asubuhi Naliaka alimpelekea Kibiwott kibao bila kuniambia. Naye Kibiwott ameandika jina upya kwa kuchomelea, herufi zimetokeza juu ya chuma. Zimepinda kidogo. Kaburini huko Malava mama alizipapasa kwa kidole, moja moja, akalia, kisha akamshukuru Kibiwott mbele ya watu wote. Mimi nilisimama nyuma ya kwaya ya huko, nikitazama viatu vyangu. Wakati wa chakula, firigisi ya kuku, ambayo huwa yangu mimi mkwe, ikawekwa kwenye sahani ya Kibiwott. Alitaka kunigawia. Nikasema nimeshiba. Nilikuwa sijala.

Jumapili, 10 Mei
Nilimwahidi Naliaka kwamba leo nitaitoa ile friji. Nimeifungua ili niibomoe, nikaona kosa. Halikuwa langu, lilikuwa la kioo. Nimeweka kingine, nikaongeza balbu ndani na mpira wa tairi kuzunguka mlango. Sasa haivuji hata punje. Baada ya ibada nilimwomba Alice, kiongozi wa kwaya ya kanisa letu, aniachie kombe lao lenye kutu nilisafishe. Hakujua habari za Malava, akanipa. Limejaa majina ya washindi, yameandikwa kwa rangi. Hayo nitayakwepa.