Mpaka Aniite Oniisama

Jumatatu, 4 Novemba
Nimeamua. Mdogo wangu Tamotsu, mzee mzima, kastaafu, karudi kijijini kutoka Osaka na meno mapya, na bado ananiita Aniki. Hivyo ndivyo wahuni wa mjini wanavyomwita mkubwa wa genge lao. Mimi Gonpachi ni kifungua mimba wa nyumba hii. Bonde zima hakuna mwenye figili nene kama zangu. Nastahili Oniisama, neno la juu kabisa la kumwitia kaka. Jumapili ni kumbukumbu ya marehemu mama. Ukoo wote utakuwepo. Lazima wasikie. Mkakati: akisema Aniki, mimi kiziwi.

Jumanne, 5 Novemba
Tamotsu kaja jioni na chupa yake tucheze sataranji, kama kawaida yetu tangu mke wangu afariki. Kasema Aniki, anza wewe. Nikatazama dari. Aniki, umekula lakini? Nikatazama dari. Akaniuliza kama paa linavuja. Kapanda kuangalia, kashuka na utando wa buibui kichwani, kasema paa ni zima kabisa. Kichwa kizito huyu.

Alhamisi, 7 Novemba
Asubuhi Tamotsu kapiga kelele toka barabarani: Aniki, nguruwe mwitu yumo shambani kwako. Nimemsikia vizuri sana. Nikaendelea na chai. Kaita tena, Aniki we, anamaliza viazi. Ningetoka, heshima yangu ingekwenda wapi? Nguruwe kamaliza viazi vitamu, kapitia na figili. Dada yetu Sumie kaja mbio kuuliza kama nimekufa. Nikamjibu hapana, nilikuwa nasubiri kuitwa vizuri.

Jumapili, 10 Novemba
Kumbukumbu. Ukoo mzima mkekani, ubani unafuka. Mtawa mpya wa hekalu kamuuliza Tamotsu yule mzee ni nani. Tamotsu kainama, kasema ni ani wake. Ani tu. Hata Aniki yenyewe kaikata mkia. Nikasimama. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, nikamshika mtawa kipara nisianguke, nikatangaza kwamba huyu hana adabu, mimi ni Oniisama wake.
Kicheko, mpaka shangazi akadondosha kikombe. Mtawa akanieleza polepole kwamba mtu akimtaja ndugu yake kwa mgeni humtaja kwa neno la chini, na hilo ani ndilo adabu yenyewe. Anayejikweza mwenyewe mbele za watu, alisema, ni... Hakumaliza. Sumie akamalizia: punguani. Tamotsu kawa mwekundu, kazunguka akimwomba radhi kila mtu kwa ajili yangu.
Mtawa ni wa juzi tu. Atajifunza.

Jumatatu, 11 Novemba
Ushindi. Tamotsu kasimama langoni, kavua kofia, kainama mpaka kiunoni. Oniisama, kasema, niwie radhi kwa usumbufu. Masikio yangu yote mawili yamesikia. Nikamwambia aingie, sataranji imeshapangwa. Kasema hathubutu kumchosha Oniisama. Nikamwambia acha ujinga, baridi hiyo, ingia. Kasema Oniisama ni mwema mno, yeye hastahili. Kaondoka na chupa yake.

Jumatano, 13 Novemba
Jana hivyohivyo, leo hivyohivyo. Oniisama, kuinama, kwaheri. Sumie kaja na chakula, kasema hiyo si heshima, ni mtu kufungiwa mlango usoni. Eti watu wa nyumba moja hawasemeshani hivyo mpaka wamechokana. Eti Aniki lilikuwa neno la mapenzi, niende nikamwombe Tamotsu msamaha kabla hajarudi Osaka, maana ameshaanza kufunga mizigo.
Wivu huo. Nimecheza sataranji peke yangu, na bado nimeshindwa. Nyumba imepoa kweli.
Ila wakati Sumie anaondoka nimegundua jambo. Ananiita Nii-yan, kama kitoto kinacholilia pipi. Mwanamke mwenye wajukuu. Kesho akibisha hodi simfungulii mpaka aseme Oniisama.