Ufa wa Saba

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Mwezi wa tatu mgodini. Wahitimu tuliochukuliwa mwaka huu tuko wawili: mimi, Chrispin, na Belinda. Nafasi ya kudumu ni moja. Meneja Hosea ametangaza leo kwamba Ijumaa kila mmoja atasimama mbele ya wakubwa aeleze kazi yake, kisha watachagua.

Kazi yangu! Kila asubuhi kuzunguka ukingo wa shimo la dhahabu, kilomita moja na nusu za miiba, kupima nyufa kumi na moja. Kila ufa una vigingi viwili. Unaweka tepu, unasoma milimita, unajaza fomu. Miaka minne ya jiolojia, halafu napima kama fundi wa mapazia! Belinda yuko ofisini kwenye kiyoyozi, anachora ramani kwa kompyuta. Akisimama mbele ya wakubwa atakuwa na ramani za rangi. Mimi nitakuwa na miiba.

Nimepitia fomu za nyuma. Nyufa zinapanuka milimita moja kwa siku. Basi mtu anaweza kuongeza moja akiwa amekaa. Hiyo ni hesabu, si uvivu.

Jumanne, 2 Septemba

Fomu imejaa saa moja na robo, kantini, kwa chai na chapati mbili. Muda uliobaki nimetengeneza picha za kuwaonyesha wakubwa Ijumaa. Nzuri sana.

Belinda akauliza mbona buti zangu safi. Nikamwambia nimezifuta. Akaendelea kuziangalia. Alipoondoka nikatoka nje nikazisugua udongoni. Mlinzi aliniona. Nikamsalimia kama mtu mwenye shughuli.

Jumatano, 3 Septemba

Mzee Obadia amenifuata kantini. Huyu ndiye anayeendesha kijiko kikubwa, mashine ya kuchimbia, chini ya ukuta wa mashariki. Kwao Kilimatinde, kanisa moja na mama yangu. Nikampa shikamoo yake. Akaitikia, lakini hakukaa.

“Mwanangu, ule ukuta unatema kokoto tangu jana. Umepima?”

Nikasema nimepima. Ufa wa saba, ule ulio juu ya ukuta huo, milimita kumi na nne.

“Basi kama umepima, mimi natulia.”

Akarudi kazini. Chai ikanishinda. Nilifikiria kupanda ukingoni nikaangalie mara moja tu. Lakini ilikuwa saa tano, jua kali, na picha ya sita haijakaa vizuri. Kesho asubuhi.

Alhamisi, 4 Septemba

Saa nne kasorobo ukuta wa mashariki umeanguka.

Nilikuwa nachagua rangi ya kichwa cha habari. Dirisha likatetemeka, kisha vumbi, kisha king'ora.

Belinda alikuwa juu. Alipanda mwenyewe asubuhi na tepu yake, bila kumwambia mtu. Kwenye ufa wa saba mkono wake ulizama mpaka kiwiko. Akapiga kelele redioni. Waliokuwa chini wote wakakimbia. Mzee Obadia akaanza kurudisha kijiko nyuma, lakini mashine ile haina mbio. Udongo ulikifunika mpaka mlangoni. Walimtoa kupitia dirishani, mguu wa kulia umevunjika mara mbili.

Walipompitisha kwa machela nilikuwa nimesimama njiani. Akanishika mkono. “Usilie, mwanangu. Wewe ulipima. Huu ni udongo tu.”

Siandiki zaidi leo.

Ijumaa, 5 Septemba

Badala ya kueleza kazi zetu, kikao cha uchunguzi.

Nilikuwa na mpango. Nitasema tepu ni mbovu, imevutika. Kabla ya kuingia niliivuta kweli, nimeikanyaga upande mmoja. Tepu ya chuma haivutiki. Imenikata kidole.

Belinda akaweka fomu zangu tatu mezani. Nyufa kumi na moja, zote zimepanda moja, moja, moja, kama wanafunzi wanaotembea kwa mstari. Meneja Hosea akazisoma polepole, halafu akavua miwani. Akaniuliza nilipanda siku ngapi.

Nikasema sikupanda.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akasema nisikanyage tena shimoni, nikae stoo ya sampuli mpaka uchunguzi uishe. Nafasi ni ya Belinda. Nilitafuta la kumlaumia nikakosa.

Jumamosi, 6 Septemba

Hospitali, Itigi. Nilipeleka dumu dogo la asali. Mke wa Mzee Obadia, mama Rahel, akalipokea kwa mikono miwili, akaniita mwanangu.

Nikamwambia Mzee Obadia ukweli wote. Kantini, chapati, kumi na nne ile. Alinisikiliza mpaka mwisho akitazama dari.

“Na mimi nilikuuliza,” akasema.

Nikasema ndiyo, uliniuliza.

Akaniambia niende Kilimatinde nikamweleze mama yangu mwenyewe, asije akasikia kanisani. Nikaahidi. Nililia, na safari hii hakuninyamazisha.

Mama Rahel alinisindikiza hadi mlangoni. Akanirudishia dumu, asali ikiwa bado imo.

Jumatatu, 8 Septemba

Stoo. Sijaenda Kilimatinde, jana basi lilikuwa limejaa, nadhani. Nimemwandikia mama ujumbe kwamba nimehamishiwa kitengo cha kumbukumbu. Si uongo. Amejibu anamshukuru Mungu.

Kuna masanduku mia sita na arobaini ya vipande vya mwamba. Kazi: kufungua kila moja, kulinganisha namba ya ndani na ya kwenye mfuniko, kuandika daftarini. Misumari ina kutu. Msimamizi wa stoo, dada Janeth, anasema wiki mbili. Belinda atakuja kuchukua daftari. Nikilimaliza leo, wataona mimi ni mtu wa aina gani.

Nimefungua tisa. Zote tisa namba ziko sawasawa.

Mtu aliyesoma, akiona tisa ziko sawa, anaelewa utaratibu wa stoo nzima.

La kumi sijalifungua. Nimeandika: sawa.