Vikasha Vilivyooza Kisheria

Serikali ilitangaza, kwa tarumbeta na maturubai, kwamba vikasha vyote vya chakula, vile vya kulia mara moja na kutupa, sasa vitageuka mboji vyenyewe bila kumsumbua mtu. Jukumu hilo zito alikabidhiwa Mkurugenzi wa Uozo, mwanamume nadhifu aliyefunga tai hata akienda kununua mkate.

Mkurugenzi alivifukia vikasha vya majaribio kwenye bustani ya ofisi. Msimu ulipopita, vikafukuliwa. Vilitoka vinang'aa. Kwa ndani vilikuwa vimepakwa plastiki nyembamba, na udongo haukuwa na habari navyo.

"Havijaoza," akasema mtaalamu wa udongo, mama asiyejua kuremba maneno.

"Havijaoza kimwili," Mkurugenzi akamsahihisha kwa upole. "Tusichanganye mambo."

Kamati ikaketi, ikanywa chai, ikaamua: kikasha kikishatupwa, kimeoza kisheria. Kinachoonekana ni ucheleweshaji wa kiutekelezaji tu. Magari ya taka yakapigwa marufuku kubeba vikasha, maana mtu hawezi kubeba kitu kisichokuwepo. Mkurugenzi akalala usingizi mnono.

Kisha mvua ikanyesha. Mtaro unaopita mbele ya nyumba yake ukaziba, maji yakaingia sebuleni bila hodi. Katika chumba cha nyuma alilala mama mkwe wake, ambaye miguu ilikuwa haimbebi tena.

"Baba watoto, piga simu!" mkewe akapiga kelele, ameshika ndoo.

Akampigia msimamizi wa magari ya taka, akamwomba watu wa kuzibua mtaro.

"Pole sana, mzee," akajibiwa. "Mtaro umezibwa na nini?"

Mkurugenzi akachungulia dirishani. Vikasha vilielea kama bata.

"Na... hali ya hewa."

"Aa, hiyo si idara yetu."

"Mkwe wangu," sauti ya bibi ikatoka chumbani, haina hasira, "maji yamefika godoroni."

Hapo moyo ukampasuka. Alimheshimu mwanamke yule kuliko wizara nzima. Akavua tai, akakunja suruali, akaingia mtaroni, akaanza kuvitoa vikasha kwa mafungu. Majirani wakajaa.

"Jirani, unatoa nini humo?"

"Sitoi kitu."

"Basi ngoja tukusaidie kutotoa," akasema fundi cherehani wa nyumba ya pili, naye akaingia.

Katikati ya shughuli hiyo ukafika msafara wa Waziri, pamoja na waandishi wa habari, kuupongeza mtaa wa kwanza usio na taka. Waziri akashusha kioo.

"Mkurugenzi! Unafanya nini humo?"

"Mazoezi ya viungo, Mheshimiwa."

Waziri hakuwa mtu wa kukutwa hajui jambo mbele ya kamera. Akashuka, akatabasamu.

"Naam! Ni mpango wetu mpya. Viongozi wote watashiriki, kuanzia ngazi ya juu kabisa!"

Watu wakapiga makofi. Mke wa Mkurugenzi akamsogelea, akapiga goti kwa adabu zote.

"Ngazi ya juu ni wewe, baba. Karibu sana. Mama yangu yumo ndani, na maji bado yanapanda."

Kamera zote zikageuka. Waziri akamtazama dereva wake, aokolewe. Dereva alikuwa ameshainama, anamfungua kamba za viatu.

Jua lilipotoka, godoro la bibi lilikuwa limeanikwa uani, na Mheshimiwa Waziri alikuwa bado mtaroni, maji kiunoni, amekumbatia kwa mikono miwili kitu kisichokuwepo, akiuliza kwa sauti ndogo kitupwe wapi.